Siri ya bunduki ya masafa marefu si darubini

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu bunduki za wadunguaji ilisifu darubini mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa fundi wa silaha jeshini kwa miaka 22, na nimesikitika kuona aliyeunda bunduki yenyewe hakutajwa hata kwa sentensi moja. Darubini humwonyesha mpigaji shabaha yake. Kazi ya kuifikisha risasi huko ni ya mtutu, na ya pale mtutu ulipokalia.

Hilo nilifundishwa na bunduki kuukuu za Lee-Enfield, ambazo mbao zake huandama mtutu hadi karibu na mdomo. Unairekebisha shabaha bara, inapiga vizuri. Ukiishusha Mombasa kwenye mvua za mwaka, inapiga pembeni, na hakuna aliyeigusa. Mbao imekunywa unyevu, imevimba, inausukuma mtutu. Tulikuwa tukivua mbao ya juu, tunachomeka noti ya shilingi ishirini kati ya mtutu na mbao ya chini, tunaivuta taratibu. Inapokwama pasipostahili, unatia alama ya penseli, unapiga msasa kidogo, unajaribu tena. Marehemu baba, seremala wa milango Mji wa Kale, nilipomsimulia aliniambia: "Mwanangu, mbao haifi kwa kukatwa." Nani hapa Mombasa hana mlango unaogoma mwezi wa Mei na kufunguka wenyewe Januari?

Kosa la milimita moja katika urefu wa mita moja ni kosa la mita nzima shabaha ikiwa mita 1,000. Basi fikirini mbao iliyovimba unene wa noti.

Aliyelitatua jambo hili vizuri ni Mwingereza Malcolm Cooper, mlenga shabaha aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 na tena 1988. Yeye na wenzake wa kampuni ya Accuracy International waliipa bunduki uti wa mgongo wa alumini, kama chesisi ya lori. Mwili wa bunduki umefungwa humo kwa skrubu na gundi, na plastiki ya nje ni nguo tu. Jeshi la Uingereza liliichukua miaka ya 1980 kwa jina la L96. Waswidi nao wakatengenezewa ya kwao, PSG 90, ambayo bolti yake, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, haigandi kwa barafu.

Mtutu wa bunduki hizi za Cooper ni mzito, umeshikwa nyuma peke yake. Kutoka hapo hadi mdomoni unaelea, haugusi kitu. Risasi ikilipuka mtutu hutetema kama uzi wa udi, na huwezi kuuzuia. Unachotaka ni uteteme vilevile kila mara. Mpiga udi yeyote anajua sauti inavyobadilika kidole kingine kikigusa uzi.

Picha mliyoichapisha mliikata mbele kidogo ya darubini. Hapo hapo, chini ya mtutu, ndipo penye ule uwazi ninaousema. Naomba muirudie nzima, ili vijana wanaosomea ufundi wauone kwa macho yao.

Fundi mstaafu wa silaha,
Likoni, Mombasa