Kaka, Jumapili nitakaa kulia kwako

Kaka yangu,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa hadharani ndiko nilikokusema. Siku ile sokoni Mgandini nilikuita mara tatu, ukapita. Nikamwambia muuza nazi, "Huyu tangu atoke kupasuliwa anaringa." Kumbe nilisimama kushoto kwako, upande wa sikio lililokwenda na uvimbe wa kichwani, lisilosikia tena.

Ulipoteremka stendi ukitokea Muhimbili tulipiga vigelegele. Uvimbe si saratani, umetolewa wote, picha ya MRI safi. Kwetu yakawa yamekwisha. Kila ulipotaka kusema neno tulikuwahi: "Shukuru Mungu u hai." Tulidhani tunakuliwaza. Tulikuwa tunakunyamazisha.

Mimi nilianza kuona ule usiku umeme ulipokatika. Ulikuwa unatoka uani. Nikamulika simu, nikakukuta umeuegemea ukuta kwa viganja viwili, unasogea hatua kwa hatua kama uko ndani ya ngalawa. Ndipo ukanieleza: uvimbe uliota kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia na wa mizani ya mwili, ndani huko chini ya ubongo. Mchana macho yanakushika mkono, gizani huna wa kukushika. Ndiyo sababu baiskeli imetundikwa. Mtu wa Tanga bila baiskeli! Hata ungeipanda, kwa sikio moja hujui honi ya bodaboda inatokea wapi.

Halafu jicho. Mshipa unaotikisa uso unapita ubavuni mwa ule wa sikio, nao ukaumia. Watu wanaona mdomo umekwenda upande, wanakuonea huruma, basi. Hawakuoni usiku unapopaka dawa, ukavuta kope kwa kidole na kubandika plasta, maana jicho likilala wazi linakauka hadi linapata kidonda. Kila usiku, kaka, mwaka wa pili huu.

Wifi analalamika hutaki harusi. Mwambie, au nimwambie mimi: penye ngoma na spika maneno yote yanakuwa uji. Na chai inakuchuruzika pembeni mwa mdomo, wewe uliyekuwa hutoki nyumbani bila shati la pasi.

Jumapili nakuja Makorora na mkate wa kumimina. Chai tutanywea kibarazani, kitambaa nitaleta. Nitakuuliza jicho limelalaje, na ukianza kujibu sitakukatiza.