Bustani za barabarani Dodoma zinakwepa maji ya mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu bustani zinazopandwa kando ya barabara zetu hapa Dodoma. Nyingi zimejengewa kingo za zege na kujazwa udongo mpaka ukaipita lami kwa kimo. Mvua ikinyesha, maji yanazipita yakikimbilia mtaroni na mchanga, oili na takataka zote zilizolundikana tangu Mei. Kiangazi kikifika, linaletwa boza kuzimwagilia. Huu ni utaratibu gani?

Bustani ya kuchuja maji ya mvua huchimbwa ikawa chini kuliko barabara, na ukingo wake huachiwa mianya ya kuingizia maji. Ukubwa wake nao haukisiwi kwa macho. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi maegesho ya lami yenye mita za mraba 1,000, ikipiga mvua ya milimita 25, yanapokea lita 25,000, na karibu zote zitatiririka. Kuzipokea kwa kina cha sentimita 25 kunataka bustani ya mita za mraba 100, ukiacha yale yatakayozama wakati mvua inaendelea. Kiduara cha maua pale getini hakifui dafu.

Udongo nao upimwe. Wa kichanga unakunywa haraka, wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, unatuamisha. Chimba shimo, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, uone yanashuka kwa kasi gani. Yasikae zaidi ya siku mbili, tusije tukafuga mbu. Na mchanga wetu huu! Pasipo kishimo cha kuunasa mlangoni, na mtu wa kuuzoa, bustani itaziba.

Najua wapo watakaosema Dodoma ni kukame. Ni kweli, lakini mvua yetu hiyo chache inashuka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo. Bustani hizi hazitazuia mafuriko makubwa, mitaro bado tunaihitaji. Kazi yake ni yale maji ya mwanzo, ndiyo machafu kuliko yote.

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kupitisha ramani ya maegesho mapya, wahandisi wa jiji wadai hesabu iandikwe kwenye mchoro wenyewe: eneo linalomwaga maji, milimita za mvua zilizokadiriwa, kina cha bustani na saa za kukauka.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma