Fulana nachapa mie, anayelipa si mwanafunzi

Bwana Mhariri,

Nina kiduka cha kuchapa fulana na mabango hapa Majengo, na uchaguzi wa wanafunzi ukikaribia hua napata kazi, sikatai, hela nimekula. Ila mwaka jana kaja kijana wa mwaka wa pili ataka fulana 200, uongozi wa wanafunzi tu huo, namuuliza mwanangu pesa ziko wapi akacheka, akapiga simu, haikufika dakika mbili M-Pesa yalia na jina lililotokea nalijua, ni la mtu mzima wa ofisi ya chama, ana watoto wakubwa kumshinda huyo mgombea.

Watu wasema ah hayo mambo ya vitoto. Haya, tazameni Bangladesh. Chama cha Awami League kilikua na tawi la wanafunzi, Chhatra League, lililoanzishwa 1948 na Sheikh Mujibur Rahman, na zamani lilikua na heshima yake wallahi, walikua mbele kupigania lugha yao ya Kibengali 1952. Lakini chama kikakaa serikalini miaka 15 mfululizo, na hawa vijana wakaanza kutawala nini? Kitanda. Kitanda cha hosteli! Mtoto wa maskini katoka kijijini hana pa kulala, tawi ndilo linaloamua nani alale wapi, wanarundikwa chumba kimoja kama magunia, na kodi yake ni kwenda mkutano wa chama ukiitwa, ukikataa godoro lako utalikuta nje.

Ndio ikafika Oktoba 2019, kwenye chuo cha uhandisi cha Dhaka, mwanafunzi mmoja kaandika Facebook kulalamikia mkataba wa maji ya mto baina ya serikali yao na India. Kaandika tu. Akaitwa usiku na vijana wa tawi chumba namba 2011, hosteli hio hio anayolala, wakampiga masaa kwa vijiti vya kriketi mpaka akafa na maiti wakaiacha kwenye ngazi. Waliofanya hivyo ni wenzake, watoto waliopasi mtihani mgumu ndio wakaingia pale, na Desemba 2021 mahakama ikahukumu 20 kifo na 5 kifungo cha maisha. Mimi hua nafikiria wazazi wa hao 25 pia, jamani, umemsomesha mtoto kwa tabu awe injinia.

Halafu Julai 2024, sisi huku Kenya ndio tumetoka barabarani mwezi wa nyuma yake kupinga Finance Bill, ule mswada wa kodi, wenzetu kule waandamana kupinga asilimia 30 ya kazi za serikali kuwekewa familia za waliopigania uhuru, na tawi likatolewa na marungu liwapige wenzao chuoni. Moto ukawaka, polisi wakapiga risasi, Umoja wa Mataifa ulikadiria huenda waliokufa walifika 1,400. Agosti 5 Sheikh Hasina, waziri mkuu wao wa chama hicho hicho cha Awami League, akapanda helikopta akakimbia nchi, na Oktoba tawi likapigwa marufuku kwa sheria ya ugaidi. Mimi marufuku sioni kama ni dawa, maana anayegawa vitanda akiondoka atakuja mwengine agawe, chama hiki ama kile.

Kwa hivyo ombi langu kwa wakuu wa vyuo hapa Mombasa ni dogo, nafasi za hosteli zigawe nyinyi wenyewe na majina yabandikwe ukutani kila mtu aone, na basari isipitie kwa kijana wa chama.

Yule mgombea wangu alirudi baada ya wiki, nyusi imeshonwa nyuzi saba, kapigwa na kambi ya pili, hakutaka fulana zilobaki akaniuliza tu kama naweza kumrejeshea pesa alipe kodi ya chumba. Nikamwambia mwanangu pesa haikua yako. Fulana 60 ziko hapa dukani hakuna aliyekuja kuzichukua, nafutia wino.

Mchapaji, Majengo, Mombasa