Steringi hafi: salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Mbeya

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ndaga fijo, yaani asante sana, kwa wa Rungwe na Kyela mlionitangulia kunitumia salamu, na nyie wa hapa hapa Mwanjelwa, Soweto, Forest mpaka Uyole, mambo vipi. Krismasi njema jamani, na Mwaka Mpya utukute wazima. Mvua imeshashika, mlima Loleza asubuhi huuoni kwa ukungu, kuna wenye mahindi yameshafika magotini na kuna ambao bado wanahangaika na mbolea, mabasi ya kutoka Dar yamejaa na nauli mnazijua wenyewe, kwa hiyo sikukuu imefika hiyo hata kama mfuko haujapewa taarifa.

Mimi kazi yangu mnaijua, nafunga mitambo ya muziki kwenye makwaya na maharusi, na ugonjwa wangu ni kusoma habari za kumbi kubwa za watu. Sasa mwaka huu badala ya kuwatumia ile picha ya mshumaa na maua ambayo kila mtu anaforwadi nimeona niwape stori ya jumba moja la New York linaitwa Beacon Theatre, liko Broadway, mtaa wa 74. Lilifunguliwa kama jumba la sinema mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1929. Angalieni huo mwaka vizuri. Oktoba hiyo hiyo soko la hisa la pale pale New York lilikuwa limeporomoka vibaya, watu akiba zimeyeyuka, halafu miezi miwili baadaye jamaa wanafungua jumba la viti karibu 2,900, sakafu tatu za watazamaji, nakshi kila kona, na pembeni ya jukwaa masanamu makubwa ya Kigiriki, wanawake, kama futi 30 kwenda juu. Ningekuwa mimi mwenye mali ningeahirisha kabisa. Lakini ukiwaza tena, mtu aliyeishiwa ndo anaehitaji zaidi sehemu ya kukaa na wenzake asahau deni masaa mawili, sisi wenyewe si tunaijua Januari ya ada za shule ilivyo na bado tarehe 25 pilau linapikwa.

Mwanzoni jumba lilikuwa wazo la mzee mmoja maarufu wa sinema kule, Samuel Rothafel, wakimuita Roxy, alitaka awe na mlolongo wa majumba. Lake kubwa, la Roxy lenyewe, lilifunguliwa 1927 na lilikuwa na viti karibu 6,000, yaani watu wa mtaa mzima wanakaa na nafasi inabaki. Mipango ikamshinda, Beacon ikachukuliwa na kampuni ya sinema ya Warner Bros. na ndo wakaifungua wao. Msanifu wa majengo yote mawili ni huyo huyo mmoja, Walter Ahlschlager wa Chicago. Na hapa ndo panaponishangaza, lile kubwa la kifahari lililosifiwa dunia nzima likabomolewa 1960, hili dogo lipo mpaka leo hii na linajaza watu.

Limeponaje? Sababu ya kwanza ni ya kifundi na mniruhusu nijidai kidogo. Majumba ya miaka ile hayakujengwa kwa ajili ya picha peke yake, kabla ya picha kulikuwa na wachekeshaji, waimbaji, wacheza dansi, na kinanda kikubwa cha mabomba, kwa hiyo nyuma ya kitambaa cha picha kulikuwa na jukwaa la ukweli, vyumba vya wasanii, mapazia, kila kitu. Na spika za 1929 zilikuwa dhaifu, jengo lenyewe ndo lilitakiwa kusaidia sauti ifike, viti vimeinuka kwenda nyuma, roshani imesogezwa karibu na jukwaa, zile nakshi za plasta ukutani zinavunja mwangwi na viti vya kitambaa vinaumeza. Kwa hiyo picha zilipokosa wateja, TV imeingia majumbani na watu wamehamia pembezoni mwa miji, kuanzia miaka ya 1970 wakaanza kupiga muziki wa rock mle ndani na ukumbi ukapokea kama vile ulijengwa kwa kazi hiyo. Fananisheni na kwetu, bati juu, saruji chini, mvua ya Desemba ikishuka katikati ya wimbo wa pili hata niongeze spika vipi waumini wanaona midomo tu ya kwaya inafunguka.

Sababu ya pili ni watu. Mwaka 1979 jiji liliweka sehemu yake ya ndani kwenye orodha ya kumbukumbu zinazolindwa, lakini miaka ya 80 wakatokea wanaotaka kuigeuza klabu ya usiku, na majirani wa mtaa ule hawakuishia kulalamika kijiweni, walienda mahakamani, na 1987 mahakama ikazuia. Miaka miwili baadaye tu bendi ya rock ya Allman Brothers ikaanza kupiga pale, wakawa wanarudi karibu kila mwaka mpaka shoo yao ya mwisho kabisa Oktoba 2014, jumla zaidi ya shoo 230 kwenye ukumbi mmoja. Kati ya 2008 na 2009 likafanyiwa ukarabati mkubwa, wakarudisha hadi rangi za zamani.

Kwetu huku stori ni nyingine. Waulizeni wazee sikukuu ilikuwaje, watakwambia mchana ni wali, jioni ni kwenda kuangalia picha, shati limepigwa pasi ya mkaa, foleni ya tiketi inazunguka jengo, picha la Kihindi la masaa matatu watu wanalia kwa pamoja na wimbo hawajui hata neno moja lakini wanauimba wiki nzima. Mjomba wangu mpaka leo ukimtajia Raj Kapoor anasimama. Halafu zikaja video, Tanzania Bara ikapata TV mwaka 1994, na majumba mengi yakafungwa, mengine yakawa maduka, mengine maghala, mengine makanisa. Haya ya makanisa mimi siyaonei uchungu sana, angalau watu bado wanakaa safu kwa safu wakiangalia mbele na kuimba. Yaliyofanywa stoo za simenti ndo yanauma.

Sasa sikukuu ya siku hizi mnaijua, kila mtu na simu yake kwenye kochi, mtoto huyu katuni, yule mpira, mama tamthilia, chumba kimoja sinema nne. Sisemi mzime simu, hata hii salamu mnaisomea humo humo. Ila makwaya ya mkoa huu yamefanya mazoezi tangu Oktoba, nimeyasikia, kuna sauti za besi za Tukuyu ambazo ukuta unatikisika bila spika yoyote, na kiingilio mara nyingi ni bure au sadaka. Wapelekeni watoto wakaone mtu anaimba mbele ya macho yao, akikosea hakuna kurudisha nyuma.

Wa Moravian, KKKT, Katoliki, wapentekoste, wote Krismasi njema. Waislamu wa Mbeya mnaokuja kila mwaka kula na sisi, karibuni tena, kuku tumeshawatenga mapema. Wanaopanda na magari usiku, mlima Kitonga msishindane na malori. Na nyie makwaya mlionibuku Boxing Day, tafadhali sana, nyaya zangu zikiwa chini msizikanyage na viatu vya visigino.