Barua kwa mwanangu: mtungi usilazwe

Mwanangu Rehema,

Matokeo yako tumeyaona, hongera sana, mama yako amewasomea mpaka majirani. Ila tangu umwambie kwenye simu kwamba gesi ikikaribia kuisha unalaza mtungi "uikamue", mimi sina raha. Usiulaze.

Mle ndani hamkujaa hewa. Mna kimiminika, propani na butani zilizochanganywa, na juu yake mvuke. Wanaojaza huacha nafasi makusudi, kimiminika kisizidi asilimia 85 hivi, kwa sababu kikipata joto kinatanuka. Valvu iko juu ili itoe mvuke peke yake. Ukiulaza, kinachofika kwenye regulata, ile inayopunguza nguvu ya gesi kabla haijafika jikoni, ni kimiminika, na regulata haikuundwa kwa hicho. Lita moja yake ikitoka inakuwa gesi lita 250 hivi. Moto uliokuwa wa kuchemshia chai unaruka hadi kwenye pazia. Mtu anasoma kemia chuo kikuu halafu anashindwa na mtungi wa kilo 15!

Usiniulize nani aliyekuwa akiulaza wa nyumbani. Ulikoona ndiko huko, na halikuwa jambo la kuigwa.

Moto ukififia usidhani gesi imekwisha. Kimiminika kinapogeuka mvuke kinakula joto, na kinalichukua kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo maana unatoa jasho chini, pengine hata barafu. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Propani inatangulia kutoka, butani inabaki chini, na alfajiri za Mbeya mwezi wa Juni haina nguvu ya kupanda. Zima, uache mtungi upate joto la chumba nusu saa, kisha tumia plate moja badala ya mbili. Usiusogeze kwenye jiko la mkaa, wala usiumwagie maji yaliyochemka. Kujua kilichobaki, upime kwenye mizani ya dukani, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake. Hakuna haja ya kuulaza.

Unasema pia unaukalisha karibu na kitanda. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kutulia mvunguni. Uweke karibu na mlango, umesimama. Usiku funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa, hata kuizima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka. Kutafuta panapovuja ni povu la sabuni, kamwe si kiberiti.

Maharage kuchelewa kuiva si kosa la gesi. Huko uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94, si 100 kama hapa Tanga. Yaloweke usiku, funika sufuria, na yakishachemka punguza moto. Moto mkali hauyaongezei maji joto hata nyuzi moja, unayakausha tu, na gesi unanunua mwenyewe.

Mama yako goti limepungua kuuma. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anaahidi kila Jumamosi. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ni wako ukitaka.

Kesho natuma mchele kilo 20 kwa basi. Ndani ya gunia, kwenye mfuko wa plastiki, kuna mpira mpya wa gesi mita moja na nusu na klipu mbili. Ule niliokupa ulipoondoka ukate vipande uutupe, umeshapasuka pasuka kwenye mikunjo, sikuutazama vizuri. Ukishafunga mpya, paka povu kwenye klipu zote mbili kabla ya kuwasha, kisha unipigie. Na mtungi uwe umesimama.

Baba yako