Barua ya wazi kwa dogo aliyenifowadia ile meseji ya joto

Dogo, mambo. Ile meseji uliyonifowadia juzi usiku nimeisoma, ile ya kwamba ukijichemsha mwili vizuri unatoa protini za mshtuko wa joto, hizo protini zinaamsha kinga, kansa inakimbia. Chini yake ukaandika "bro hii kweli??" alafu mimi nikakupiga blutiki siku mbili. Sikukudharau, ni vile jibu lake halienei kwenye chati, na aliyeiandika wala hajadanganya kila kitu, kaokota vipande vya ukweli kavishona kombo.

Protini zenyewe zipo. Mwaka 1962 Mtaliano mmoja, Ferruccio Ritossa, alikuwa anachungulia kwa hadubini kromosomu za wale inzi wadogo wa matunda, kumbe kuna mtu maabara kapandisha joto la inkyubeta, jamaa anaangalia anakuta kromosomu zimevimba sehemu ambazo siku zote hazivimbi. Kuvimba pale maana yake jeni imewashwa (jeni, sio jini, nakujua wewe). Protini zenyewe zikaja kuonekana 1974. Jina la joto likaganda, japo seli ikikosa oksijeni, ikiingiwa na virusi au ikipata sumu inazitengeneza vilevile.

Ndani ya seli hizi ni yaya, sio askari. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa mpango, ukipigwa joto unafumuka, unanatana na nyuzi za jirani, linakuwa bonge lisilo na kazi. Sa hapo HSP70 (HSP ni kifupi cha Kiingereza cha hizo protini za mshtuko wa joto, hiyo 70 ni uzito wake, kilodaltoni 70 hivi, kipimo cha uzito wa molekuli) inaudaka ule uzi inaushikilia mpaka ujikunje upya. Basi. Mambo yote yako ndani ya nyumba, seli za kinga huko nje hazina habari. Hapa ndo meseji yako inapoanza kuchechemea.

Kinga inashtuka pale yaya akionekana barabarani. Seli inayokufa kwa utaratibu inajifungasha yenyewe, inaliwa kimyakimya, hamna kelele. Ila ikipasuka kwa kuumia vya ndani vinamwagika, HSP zikiwemo, na hazitoki mikono mitupu, zimeng'ang'ania vipande vya protini za humo ndani. Kama seli ilikuwa na virusi basi kuna vipande vya virusi, kama ni ya kansa ni vya kansa.

Sa jirani hapo kuna seli ya dendriti, seli ya kinga ile yenye mikono mikono kama mizizi, juu yake ina kipokezi kinaitwa CD91, inaidaka HSP na mzigo wake inameza vyote, vile vipande inavitoa inavipachika nje ya mwili wake kama mtu anayebandika picha ya mtuhumiwa, alafu inafunga safari mpaka kwenye tezi za limfu kuzionyesha seli T, askari wa kinga. Seli T inayoitambua ile picha inaamka, inazaliana, inatoka kwenda kuua. Na picha peke yake haitoshi, dendriti lazima na yenyewe iwe imechangamka, iinue CD80 na CD86, protini za juu yake za kusisitiza, la sivyo seli T inaiona inaipotezea.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa panya. Mtafiti Pramod Srivastava na wenzake walichuja HSP kutoka kwenye uvimbe wa kansa wakawadunga panya wazima, panya wakapata kinga dhidi ya uvimbe uleule, ukiwaletea uvimbe mwingine hamna kinga. HSP70 ikivuliwa vile vipande, kinga inapotea! Yaani kinachofundisha ni mzigo, yaya ni mbebaji tu.

Kuhusu HSP kuchangamsha kinga yenyewe tupu bila mzigo, hapo watu waligombana sana, maana nyingi zilitengenezwa ndani ya bakteria na zilikuja na sumu ya bakteria, ambayo hata kidogo tu inazipandisha mzuka seli za kinga. Zilivyosafishwa vizuri sehemu kubwa ya ule mzuka ikayeyuka.

Chanjo ilijaribiwa pia, vitespen, inatengenezwa kwa uvimbe wa mgonjwa mwenyewe. Urusi waliipitisha 2008 kwa kansa ya figo, ila kwenye jaribio kubwa haikuonyesha faida iliyotarajiwa kwa wagonjwa wote.

Na kitu ambacho meseji imekiruka kabisa, seli za kansa zenyewe zinajaza HSP ndani ili zisife, mpaka kuna dawa zimebuniwa za kuizuia HSP90, ndugu yake HSP70. Sa wewe unajichemsha ili umsaidie nani?

Kama hiyo meseji ulishamtumia na mama niambie leo, nimpigie mimi.