Lori likichemsha, tusikimbilie kung'oa themostati

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Kiangazi kinapopamba moto, malori ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, pamoja na yale yanayobeba chumvi na mawese kutoka upande wa Uvinza na Kigoma, huishia gereji kwa tatizo lile lile: gari linachemsha. Ushauri unaotolewa nao ni ule ule: ng'oa themostati, na ikishindikana, fungua hedi, yaani kichwa cha injini. Kwa Fuso, Isuzu au Scania ya zamani ushauri huo mara nyingi ni hasara tupu, kwa sababu hakuna kilichopimwa.

Nianze na themostati, vali inayofunguka maji ya injini yakipata joto. Wengi wanaamini ikitolewa maji yatapita kwa uhuru. Lakini kwenye injini nyingi za dizeli kifaa hiki kina kazi mbili. Kikifunguka kinaruhusu maji kwenda kwenye rejeta, na papo hapo sahani yake ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye wota pampu. Ukikitoa, njia hiyo ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Lori likiwa tupu geji ya joto inakaa chini na fundi anasifiwa. Likipakiwa na kukuta mlima, linachemsha kuliko mwanzo. Tena injini inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi dizeli vizuri. Mafuta yanaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zinaisha kabla ya wakati.

Kuipima hakuhitaji mashine. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Joto lake limegongwa kwenye bati, mara nyingi nyuzi 76 au 82. Ya 82 ianze kuachia karibu na hapo, na ikifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 hadi 10. Isipofunguka maji yakichemka, tupa. Injini nyingine zina mbili. Badilisha zote kwa pamoja. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kikae juu, la sivyo hewa itanaswa chini yake.

Kabla ya hilo, hakikisha gari linachemsha kweli. Sensa ya zamani hudanganya, na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) ukiwa na kutu hudanganya zaidi. Linganisha geji na kipimajoto. Dereva naye ajue hatari iliyo kinyume: maji yakiisha, sensa inabaki hewani na geji inaweza kushuka ghafla huku injini inaungua. Sindano ikishuka katikati ya mlima bila sababu, zima.

Swali la kumuuliza dereva ni hili: linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni au mwendo wa taratibu, na likipoa likikimbia, tatizo ni upepo. Angalia feni, klachi yake, na kava linaloizunguka, ambalo wengi hulitupa likipasuka. Bonyeza beliti katikati kwa dole gumba. Kwa kawaida izame milimita 10 hadi 15. Beliti iliyokwisha hukaa chini kabisa ya mfereji wa puli badala ya kubana pembeni, na hiyo itateleza hata ukiikaza vipi. Huku kwetu kuna pia mbegu za majani na vumbi jekundu linalogandamana kwenye mapezi ya rejeta. Puliza kwa upepo au maji kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ukipuliza kutoka mbele unazidi kushindilia uchafu.

Likichemsha likiwa na mzigo au mwendo mkali tu, tafuta mzunguko wa maji. Zima injini ikiwa ya moto, subiri feni isimame, kisha papasa uso wa rejeta: sehemu zilizopoa peke yake zimeziba. Mwenzako akikanyaga mafuta, tazama mpira wa chini wa rejeta. Ukinywea, ama rejeta haipitishi maji ama springi ya ndani ya mpira imeoza. Wota pampu inayodondosha maji kwenye kitundu chake cha chini imeshaaga. Usikizibe! Breki zinazoshika na filta ya hewa iliyojaa vumbi nazo huongeza joto, ingawa watu huzisahau.

Mfuniko wa rejeta unadharauliwa kuliko spea zote. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, wala si 100. Mfuniko mzima wa shinikizo la baa 0.9 huyapandisha hadi zaidi ya 110. Raba yake ikikatika, injini isiyo na kosa lolote itatapika maji. Asubuhi ukikuta mpira wa juu umenywea, vali ndogo ya kurudisha maji imekwama. Lakini usifungue mfuniko ukiwa wa moto, hata kwa kitambaa.

Sasa hedi. Dalili ya kuvuja kwa gasketi, ile karatasi ya kuzibia chini ya hedi, ni mpira wa juu kuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu mfululizo rejeta ikiwa imejazwa hadi mdomoni. Kwenye lori lenye breki za upepo, subirini kidogo: kompresa ya upepo inapozwa na maji hayo hayo, na gasketi yake ikivuja inasukuma hewa ndani ya rejeta vile vile. Acha mitungi ijae hadi kompresa iache kusukuma. Mapovu yakikoma, kisha yakarudi ukikanyaga breki mara kadhaa na kompresa kuanza tena, hedi yako haina kosa. Shughulika na kompresa. Yakiendelea bila kujali, hapo fungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inaweza kutoka kwenye gasketi, lakini chunguza pia kipoza oili kabla ya kulaumu hedi.

Kuhusu maji: hatuna barafu, lakini kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, inazuia kutu, na kwenye injini ambazo slivu (kuta za silinda zinazobadilishwa) zinagusa maji inazuia vitobo vinavyokula chuma kutoka nje. Nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa. Ukikwama njiani, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko ya kisima kigumu, na maji ya chumvi ya Uvinza yasikaribie rejeta kabisa. Manjano na ute wa yai, vinavyotiwa ili kuziba rejeta inayovuja, huziba tundu na njia ndogo za rejeta kwa pamoja. Silikoni nyingi kwenye flenji, pale vipande vinapounganishwa, nayo huingia humo humo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya spea wa Tabora na Kigoma. Zipo themostati zenye kipenyo sawa na za malori haya lakini hazina sahani ya chini. Zinaingia vizuri, zinafunguka vizuri, na zinaacha njia ya mkato wazi kana kwamba hakuna kilichofungwa. Uzeni kwa namba ya injini, na mteja aje na ile ya zamani mkononi.

Fundi wa injini za dizeli,
Tabora